Hema lina moto, kichwa kinauma: tafuta hitilafu kabla hujalala

Ikifika Juni, wingu likakaa juu ya Meru siku nne mfululizo na wauza mitumba wa soko la Kilombero, Arusha, wakaanza kutundika makoti mbele ya mashati, swali hurudi kwangu: hema naliwekea nini lipate joto? Anayeuliza huwa mpishi anayepanda gari kesho kwenda kambi ya uwindaji upande wa Longido, au mgumu, yaani mpagazi wa mlimani, anayeanza safari yake ya kwanza Machame, au kijana wa Moshi aliyekodi hema apeleke wenzake Ngarenairobi. Wote wameambiwa baridi ya huko si ya mchezo, na ni kweli. Nyika iliyokuunguza mchana ndiyo hiyohiyo itakayokugonganisha meno saa tisa usiku, na kila mita elfu moja unazopanda zinakupunguzia nyuzi sita hivi za joto.

Jibu langu huwa haliwafurahishi. Usipashe hema, mpashe anayelala. Hema si nyumba, ukuta wake ni kitambaa, na moto ukizimika joto lote limeshaondoka kabla hujamaliza kufunga zipu. Ila najua hamtanisikiliza wote, na zipo kambi ambazo mwenye kambi ameshaamua kwamba jiko litakaa hemani, wewe umeajiriwa kuliwasha tu. Kwa hiyo nitakwenda kwa dalili, kama fundi anavyosikiliza injini kabla ya kufungua boneti. Naanza na dalili inayoua.

Kichwa kinauma, na si cha mtu mmoja

Kaboni monoksaidi haina rangi, haina harufu, haiwashi macho. Huzaliwa pale mkaa, kuni, gesi au mafuta yanapoungua bila kupata hewa ya kutosha. Ikiingia kwenye damu huing'ang'ania himoglobini, ile inayobeba oksijeni mwilini, kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara mia mbili. Mtu anapumua vizuri kabisa huku mwili unakosa hewa. Dalili zake ndizo zinazopoteza watu: kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, miguu kulegea, usingizi mzito. Kila moja kwetu ina jina lingine tayari. Kambini tambarare wataiita malaria. Mlimani wataiita mlima.

Zitenganishe hivi. Malaria huja na homa, na sumu hii haileti homa, kwa hiyo weka kipimajoto kwapani kabla ya kutoa dawa mseto. Tena malaria haiwachukui watu watatu wa hema moja saa ileile ya usiku ikamruka jirani aliyelala hatua kumi pembeni. Ukiona mtu anaumwa kichwa kila alfajiri, anapata nafuu akitoka kufuata nyayo mchana, na usiku kinarudi, mwenye hatia yuko ndani ya hema.

Ugonjwa wa mwinuko nao kwa kawaida huanza ukishapita mita 2,500, saa kadhaa baada ya kufika. Kambi ya uwindaji ya tambarare haifiki huko, basi sababu hiyo ifute. Horombo, kambi ya Kilimanjaro iliyo mita 3,720, huwezi kuifuta. Hapo usipoteze muda kubishana ni ipi kati ya hizo mbili, kwa sababu tiba zake zinakwenda njia moja: toa mtu nje, mpe oksijeni, mshushe. Pombe? Aliyekunywa mbege anajijua, ila hata yeye mtoe nje kwanza, maana mlevi ndiye wa mwisho kugundua kwamba hewa imebadilika.

Sasa hapa kuna mtego ambao nimeona ukiwanasa waongozaji wazoefu kuliko mimi. Wanachomoa kile kipimo kidogo cha kubana kidoleni, kinaonyesha oksijeni ya damu ni asilimia 97, wanasema jamaa yuko salama. Kipimo hicho huangalia rangi ya damu kwa mwanga, na damu iliyojaa kaboni monoksaidi hukionyesha karibu rangi ileile ya damu iliyojaa oksijeni. Hakiwezi kuzitofautisha. Namba nzuri kwenye kidole cha mtu aliyetoka kwenye hema lenye jiko haina maana yoyote. Usitafute pia ile ngozi nyekundu inayotajwa vitabuni. Hutokea kwa nadra, mara nyingi mtu akishakuwa hoi kabisa, na kwenye ngozi zetu usingeiona hata ingekuwepo.

Msimu mmoja nilikuwa kambi ya uwindaji chini ya Kilimanjaro upande wa magharibi. Wachunaji wawili wa ngozi za wanyama, vijana wa kazi, waliingiza jiko la mkaa kwenye hema lao baada ya chakula. Walikuwa waangalifu kwa akili yao: walilisubiri nje mpaka moshi ukaisha na mkaa ukakolea mwekundu. Saa nane usiku mmoja akatoka kujisaidia, akaanguka mlangoni. Mpishi akaamka, akasema, "Huyu malaria imempanda," akamrudisha ndani akamfunika blanketi. Akamrudisha ndani! Kilichowaokoa ni kwamba mpishi mwenyewe alikaa pale kumpoza kwa maji, na baada ya dakika kadhaa akahisi kichwa chake kinapwita. Akatoka, akaniita. Tulifungua zipu za pande zote mbili, tukawaburuta kwa miguu kama magunia. Wa pili hakuwa anaitika. Mungu saidia, mpaka jua linatoka wote walikuwa wanaongea, na gari lilikuwa tayari njiani kuelekea hospitali ya KCMC, Moshi.

Kosa lao wengi tunalifanya, kwa hiyo niliseme taratibu. Moshi wa mkaa huondoka mapema kwa sababu sehemu kubwa ya vitu vinavyotoa moshi ilishaungua kwenye tanuri huko ulikochomwa. Kilichobaki ni kaboni. Mkaa uliokolea bila moshi ndio unaotoa sumu hii kwa wingi, na unapojifunika majivu, ukafifia, hewa haiufikii vizuri na uchafu wake kwa kila kipande kinachoungua unazidi. Yaani saa ile unayosema "limeshapoa, sasa tulale" ndiyo saa mbaya. Kuacha dirisha wazi si dawa, maana usiku usio na upepo hewa haisogei, na dirisha unalifungua upana wa kiganja kisha mwenzako anayelala karibu nalo analifunga. Jiko la mkaa haliingii hemani. Si dakika kumi, si likiwa limezimika nusu, si kwenye kibaraza cha hema mvua inaponyesha.

Kama hemani hakuna jiko na bado vichwa vinauma, toka uangalie nyuma. Jenereta limewekwa wapi? Upepo wa jioni ulikuwa unatoka huku, wa usiku unashuka kutoka mlimani, na moshi uliokuwa unakwenda porini sasa unaingia chini ya turubai. Gari pia: dereva amewasha injini achaji simu na betri, matako ya gari yameelekea hema la wageni. Na mpishi anayepikia kwenye hema lililofungwa pande zote kwa ajili ya mvua, kisha wagumu wanalala humohumo mafiga yakiwa bado na moto, huyo ni jiko la mkaa kwa jina lingine.

Ukikuta mtu amelala na haitiki: fungua hema kwanza, vuta pumzi nje, ingia umtoe, usikae ndani kumchunguza wala kutafuta jiko. Hesabu watu, maana kila mara kuna aliyejikunja kona. Asiyepumua apewe pumzi na kifua kibanwe. Kama kuna mtungi wa oksijeni, mvalishe barakoa na uache itiririke. Mtu akivuta hewa ya kawaida, nusu ya sumu iliyoko kwenye damu huchukua saa nne hadi tano kutoka, na akivuta oksijeni tupu ni kama saa moja na robo. Maziwa hayasaidii. Najua bibi alisema maziwa huua sumu, lakini hii haiko tumboni, iko kwenye damu, na ukimnywesha mtu aliyelegea unaweza kumpalia. Hata akiamka akacheka, apelekwe hospitali. Ubongo uliokosa oksijeni unaweza kuleta shida ya kumbukumbu au mwendo wiki kadhaa baadaye.

Kengele ya kaboni: inalia, au imekaa kimya

Siku hizi wageni huja nazo mfukoni, kidude cha betri kikubwa kidogo kuliko boksi la kiberiti. Ukiweza mwombe akuachie akiondoka, ni zawadi inayozidi bahashishi. Zile zilizotengenezwa kwa kiwango cha Ulaya cha EN 50291 hazilii papo hapo. Kwenye sehemu 50 za kaboni monoksaidi kwa milioni ya hewa hulia baada ya saa moja hadi moja na nusu, kwenye 100 kati ya dakika 10 na 40, kwenye 300 ndani ya dakika tatu. Kwa hiyo ikilia, umeshavuta tayari. Usianze kuikagua kama ni mbovu. Toka na wenzako wote, ndipo muulizane.

Ikiwa kimya hali wewe una mashaka, bonyeza kitufe cha kujaribia na uangalie tarehe nyuma yake, kwa sababu kihisi huzeeka ndani ya miaka michache, na betri kwenye baridi huishiwa mapema. Iweke usawa wa kichwa cha anayelala, si ndani ya begi, si chini ya mto, na si mlangoni ambako hewa ya nje inaidanganya. Kitufe kile hupima betri na mlio tu. Hakithibitishi kwamba kihisi kinanusa.

Mwali wa njano na masufuria meusi

Jiko la gesi au la mafuta ya taa likiwa na afya, mwali wake ni wa bluu. Wa njano unaochezacheza na kuacha masizi unakuambia moto unakosa hewa, na moto unaokosa hewa unatengeneza ile sumu ya juu.

Kwa jiko la mchina, lile la mafuta ya taa, angalia tambi kwanza. Zimepandishwa juu kupita kiasi, au hazilingani, au ncha zimeganda kaboni ngumu. Zishushe, zikate zilingane. Kama mwali unapasuka na kutema cheche, mafuta yana maji: yamimine kwenye chupa angavu, yaache yatulie, maji utayaona yamekaa chini. Mafuta yakinuka petroli yamwage mbali, usijaribu hata kidogo. Mafuta ya taa yaliyochanganywa na petroli hayana subira.

Kwa gesi, sababu ya kawaida ni buibui na vumbi la Longido kwenye matundu ya kuingizia hewa. Safisha kwa brashi ya meno iliyokauka. Ukishasafisha na bado mwali ni wa njano, angalia uko juu kiasi gani. Kambi ya Kibo, mita 4,720, kila pumzi inakupa oksijeni kidogo kuzidi nusu tu ya ile ya Dar es Salaam, na jiko nalo linapumua hewa hiyohiyo. Jiko lililowekewa tundu la gesi kwa ajili ya jikoni kwako Majengo litatoa gesi nyingi kuliko hewa linayopata. Punguza moto. Na pikia mahali penye wazi.

Moshi wa mlimani una tabia nyingine: watu hudhani kwa kuwa upepo ni mkali basi hema linapumua. Theluji au barafu ya umande ikishika kitambaa, matundu yake huziba, na hema linageuka mfuko wa nailoni.

Hita ya gesi inazimika yenyewe

Zipo hita ndogo zinazoletwa na wageni wa Marekani, za kuwekwa ndani, zenye kihisi kinachokata gesi oksijeni ikipungua. Zikizimika tena na tena kwenye kambi ya juu, watu hupeleka lawama kwa mtungi. Nyingi zimetengenezwa zisifanye kazi ukishapita kama mita 2,100, maana kihisi huona hewa nyembamba kama hewa iliyokwisha. Kwa hiyo Mandara, mita 2,720, imekataa kazi kihalali kabisa.

Hapa atatokea fundi hodari wa mjini wa kukwambia ataunganisha waya moja kwa moja, ikae inawaka. Mshukuru, nenda zako. Na ujue pia kwamba kihisi hicho kinaangalia oksijeni tu, kaboni monoksaidi hakiioni. Hita ikizimika tambarare, mita 1,300, basi onyo ni la kweli: hewa ya ndani imechakaa. Fungua, msiiwashe tena.

Mtungi umejaa lakini moto umelegea

Mtungi wa kilo sita unatikisika, una uzito, moto ni kama wa kibatari. Gusa ubavu wake: ni baridi kama chuma cha friji, pengine una umande au barafu nyeupe inayoonyesha gesi imefika wapi. Ndani mle gesi iko kama maji, na lazima igeuke hewa kabla ya kutoka, na kugeuka huko kunakula joto la mtungi wenyewe. Butani huacha kugeuka hewa ikikaribia nyuzi sifuri. Propani huendelea hadi nyuzi 42 chini ya sifuri. Mitungi yetu ya kupikia ina mchanganyiko wa gesi hizo mbili, kwa hiyo inapotumika kwenye baridi propani huondoka kwanza na butani hubaki imekaa chini, nzito na mvivu. Ndiyo maana mtungi hufanya vizuri siku ya kwanza na kulegea ya tatu.

Uinue kutoka ardhini, uweke juu ya ubao. Punguza moto ili uupe nafasi ya kupumua. Ukihitaji zaidi, uweke kwenye beseni la maji ya vuguvugu, vuguvugu la kumwogeshea mtoto mchanga, basi. Nimewahi kuona mtu ameuzungushia makaa. Sikubaki kuona mwisho wake.

Ukisikia harufu ya gesi, usitafute inapovuja kwa kiberiti. Povu la sabuni kwenye mpira na regyuleta litakuonyesha kwa mapovu. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, inashuka na kukaa chini, na hema lenye sakafu iliyoshonwa pamoja na kuta ni beseni lililoandaliwa kuipokea, palepale mtu alipoweka shavu lake. Mtungi ukae nje usiku, hata kama jiko lako ni zima.

Jiko la kuni lenye bomba linarudisha moshi

Hili ndilo jiko pekee la moto ninalolikubali ndani ya hema: jiko la bati zito, mlango unaofunga, bomba linalotoka nje kupitia kipande kisichoshika moto kilichoshonwa kwenye turubai. Ni la mahema makubwa ya turubai kwenye kambi za kudumu. Nailoni isahau, na mlimani moto wa kuni usahau pia, hifadhi hairuhusu.

Likirudisha moshi wakati wa kuwasha, bomba ni la baridi. Hewa baridi imekaa ndani kama kizibo. Choma kwanza gazeti moja karibu na mdomo wa bomba, subiri livute, ndipo uweke kuni. Likirudisha moshi upepo unapovuma tu, mdomo wa bomba uko chini ya kilele cha hema na upepo unaopanda turubai unaukandamiza, basi ongeza kipande kimoja cha bomba, kipite juu ya mgongo wa hema. Likiwa lilivuta vizuri wiki nzima na leo limekataa, panda ukaangalie ule wavu wa juu wa kukamata cheche. Mara tisa kati ya kumi umeziba kwa lami ya moshi. Ugonge, uupige brashi, usiutoe ukautupa, kwa sababu bila wavu cheche zinatua kwenye nyasi kavu za Agosti na hapo mtawinda moto badala ya nyati.

Lami hiyo inatokana na kuni mbichi na moto uliobanwa. Mgunga uliokauka huwaka taratibu na kwa joto kali. Matawi ya mibuni na mgravelia yaliyokaa juani miezi kadhaa yanafaa kuwashia. Mianzi usiweke, vifundo vyake hupasuka kwa mshindo, na mwindaji aliyelala na bunduki karibu hahitaji mshindo usiku.

Kosa kubwa lenyewe huja saa nne, wakati wa kulala. Mtu anajaza magogo, anafunga tundu la hewa karibu lote ili moto ufike asubuhi. Anachokipata ni mkaa unaofukuta kwa shida chini ya bomba lililopoa, na bomba lililopoa halivuti. Tumerudi kwenye hema la wale wachunaji. Jiko la kuni liwake kwa nguvu watu wakiwa macho wanavua viatu na kukausha soksi, kisha liachwe life. Atakayetaka joto la alfajiri, askari wa usiku aliwashe saa kumi na moja hewa ikiwa wazi kabisa, mgeni akiamka kahawa na joto viko tayari.

Turubai likitoboka matundu madogo kama ya sigara, ni hizo cheche za wavu. Likigeuka kahawia kuzunguka bomba, bomba linagusa au limekaribia mno, sogeza leo hiyohiyo. Ndoo ya mchanga mlangoni, na kisu cha kupasulia hema kikae mahali mkono unapajua gizani, maana zipu hukwama siku isiyo yake.

Hewa ya ndani ni ya moto, mtu bado anatetemeka

Hii ndiyo inayowafanya watu waongeze moto bila sababu. Tia mkono chini ya godoro lake. Kama ni baridi kama sakafu ya machinjio, ardhi inamnyonya. Blanketi tatu za juu hazifanyi kitu, maana zile za chini zimelaliwa na kubanwa, hazina hewa ndani. Weka tabaka chini: gunia za nyasi kavu, majani makavu ya migomba kama uko upande wa Wachaga, kisha turubai, kisha mati. Kambi zenye vitanda vya kukunja nazo zina shida hii, hewa baridi hupita chini ya kitanda. Blanketi moja litandike chini, si juu.

Angalia pia hema limesimamishwa wapi. Hewa baridi huteremka usiku kama maji. Kambi ndani ya korongo ni nzuri machoni, ina kivuli cha mchana, lakini ukipanda hatua hamsini juu ya ukingo wake utakuta joto tofauti kabisa.

Halafu mpashe mwenyewe. Chupa ya lita moja yenye maji ya nyuzi 80 humpa karibu kilokalori 45 kabla haijapoa kufikia joto la mwili, sawa na joto ambalo mwili wake uliolala unatoa kwa zaidi ya nusu saa, na lote hilo liko ndani ya mfuko wa kulalia, si kwenye paa la hema. Mbili zikikaa, moja miguuni na moja kati ya mapaja, mtu analala. Kibo maji huchemka yakiwa kwenye nyuzi 84 hivi, inatosha kabisa. Usitumie chupa ya soda, hunywea na kuvuja. Ile ya mpira usiijaze maji yanayotokota, toa hewa kabla ya kufunga, ivishe soksi. Kwenye shingo ya nyingi kuna alama kama ua. Tarakimu ya katikati ni mwaka iliotengenezwa. Ikizidi miaka miwili mitatu, au mpira ukianza nyufa, inunulie mwenzake.

Apewe mtori wa moto kabla ya kulala, wenye nyama na mafuta, si chai tupu. Aende haja ndogo, asijibane. Kofia ya sufu, soksi kavu zisizobana, nguo alizoshinda nazo avue hata kama zinaonekana kavu. Pombe kali inampa joto la uongo: damu inakuja kwenye ngozi, anajisikia vizuri, na joto la ndani linatoka. Mwindaji akitaka glasi yake, ainywe karibu na moto wa nje na apewe chakula juu yake.

Asubuhi hema limelowa ndani

Si mvua. Ni pumzi zenu, na kama kulikuwa na hita ya gesi, ni hiyo pia: kilo moja ya gesi ikiungua hutoa zaidi ya kilo moja na nusu ya maji. Hema lililofungwa kila tundu ili "kutunza joto" hunyesha matone kwenye mifuko ya kulalia, na usiku unaofuata kila mtu analala kwenye unyevu. Fungua matundu ya juu pande zote mbili hata kama roho inakataa. Utahisi baridi kidogo usoni na mwili utakaa mkavu.

Majivu

Yazimike kwa maji, si kwa udongo. Mkaa uliofukiwa huendelea kuishi chini mpaka kesho yake, na watu wakishavunja kambi unakuwa unasubiri upepo. Mwaga maji, koroga kwa kijiti, mwaga tena, halafu pitisha mgongo wa mkono juu yake. Kama unahisi joto lolote, dereva asubiri.